Andika Lalamiko Kabla ya Ushuhuda

Ukipona ugonjwa mkubwa, watu watataka ushuhuda. Watakuuliza baada ya misa, watakuuliza kwenye jumuiya, na shangazi atapiga simu kutoka Vihiga akukumbushe kwamba ni lazima umrudishie Mungu sifa mbele za watu. Wanakutakia mema. Lakini mimi niliyeugua TB ya mapafu hapa Nakuru na kumaliza dawa, namwomba yeyote anayeinuka kitandani leo: usianze na ushuhuda. Anza na lalamiko, uliandike kwa mkono wako, mahali ambapo msomaji ni Mungu peke yake.

Wazo hili nililipata katika Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia aliugua mpaka akaambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa anakufa. Akageuza uso ukutani, akaomba, akalia sana, na Mungu akamwongezea miaka 15. Alipopona, aliandika. Maandiko yake yamo katika sura hiyohiyo, na ukiyasoma polepole utaona kwamba sehemu kubwa si shukrani. Anasema amenyang'anywa miaka yake iliyobaki. Anasema alilia kama ndege, na macho yakamchoka kwa kutazama juu. Sifa zinakuja mwishoni, uchungu wote ukiwa umeshatajwa, ndiyo maana unaziamini. Huyu alikuwa mfalme, mcha Mungu, tena amekwisha kupona, na bado hakuona haya kuandika kwamba aliogopa.

Nilihitaji sana ruhusa hiyo, kwa sababu kipindi cha baada ya dawa kina ugumu wake ambao wengi hawaujui. Ukiwa umelala, nyumba hujaa. Akina mama wa jumuiya walileta uji wa wimbi, wakafua nguo, wakanilipia mchango wa chama. Siku kadi ya kliniki ilipoandikwa kwamba nimemaliza matibabu, wote walishusha pumzi wakarudi kwenye shughuli zao, na ilikuwa haki yao. Mimi nikabaki na mtaji ulioliwa, mahali pangu sokoni panauziwa viazi na mtu mwingine, na jirani ambaye bado alimwita mtoto wake ndani kila nikipita, ijapokuwa mgonjwa wa TB ya kawaida anayemeza dawa vizuri huacha kuambukiza wengine baada ya wiki chache tu. Usiku yalinijia maswali ambayo singeweza kuyasema kwenye maombi ya jumuiya. Mbona umeniacha hai bila nguvu za kuishi? Mbona watoto wangu? Niliyaandika hivyohivyo, bila kuyapamba.

Wengi huniambia, mimi si mtu wa kuandika. Sikiliza, anza na mwili. Daftari la watoto wa shule latosha. Langu lilianza kama daftari la dawa. TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi 6: dawa nne katika miezi miwili ya kwanza, halafu mbili katika miezi minne inayofuata, kila siku bila kuruka. Nikawa naandika saa niliyomeza, nilichokula, na jinsi nilivyoamka. Ukurasa mmoja umeandikwa tu: "Mkojo rangi ya chungwa. Naogopa." Nesi alipousoma aliniketisha akanieleza kwamba ni rifampisini inayotia rangi ile, na haina madhara. Kurasa nyingine zinarudia maneno yaleyale, magoti na vifundo vinauma, zaidi usiku. Daktari wa kliniki alizipitia akauliza maswali, akaniambia pirazinamidi huwaumiza wengi viungo, na kwamba ni moja ya zile dawa zinazokoma miezi miwili ya kwanza ikiisha. Bila daftari ningesema tu "sijisikii vizuri", nirudi nyumbani na hofu yangu. (Ila ukiona macho yamekuwa ya manjano au unatapika bila kukoma, achana na daftari, nenda kliniki siku hiyohiyo. Huenda ni ini.)

Ukishazoea kuandika "magoti yanauma", kuna jioni utaandika "leo nimelia" na hutashtuka.

Andika kwa lugha unayolilia. Kurasa zangu za hasira ni za Kimaragoli, za sala ni Kiswahili, na hesabu za viazi zimechanganyika humo humo. Usisahihishe. Na kama kuna maneno hutaki mtoto wako ayakute, usiyachane. Mimi kurasa kadhaa nimezikutanisha nikazishona pembeni kwa sindano na uzi mweusi. Zipo, zimesemwa, zimefungwa.

Sasa suala la imani na dawa, na hapa nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona watu wakizikwa. Hapa Nakuru wengi hupanda Menengai kuomba na kufunga kwenye mapango, na mimi naiheshimu safari hiyo. Lakini nilipoanza kunenepa tena, mtu mmoja niliyemheshimu alinishauri niache vidonge nikafunge huko, eti kuendelea kumeza ni kumshuku Mungu. Wakati huo kikohozi kilikuwa kimekwisha na hamu ya kula imerudi. Huo ndio wakati wa hatari. Unajisikia mzima ilhali vijidudu vimebaki, na ukiziacha dawa hapo, vinaweza kurudi vikiwa sugu, na TB sugu ni ngumu zaidi kutibu. Nilimjibu kwa Hezekia yuleyule: Mungu alishatamka kwamba atapona, na bado nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nikamaliza dawa zote. Menengai nilipanda baadaye, taratibu, nikipumzika njiani, nikiwa na chupa ya maji na daftari.

Utajuaje kwamba wakati wa ushuhuda umefika? Kwangu mimi, ishara ilikuwa majina. Kurasa za kwanza zilikuwa "mimi" tupu, mwanzo hadi mwisho. Halafu wakaanza kuingia watu: kijana wa boda boda aliyekuwa akinipeleka kliniki na kukataa nauli, mama aliyekuja kunisuka nywele wakati wengine walikuwa wanasimama mlangoni, binti yangu. Hapo nikaona kwamba lalamiko limesikika, na kuna nafasi ya jambo jingine. Niliandika ushuhuda wa ukurasa mmoja nikausoma kutoka kwenye karatasi. Kabla ya hapo nilimwomba binti yangu ruhusa, kwa sababu ndani yake mna siku alizokosa shule kwa ajili yangu. Kuna sentensi mbili alizokataa. Nikazifuta. Tafadhali nawe ufanye hivyo, hadithi ya ugonjwa wako ina wenyewe wengi.

Nilikuwa mwanakwaya. Mapafu yangu yamebaki na makovu, na wimbo wenye pumzi ndefu siuwezi tena. Hilo liliniuma kuliko kupoteza mtaji, na kusema kweli bado linaniuma wakati wa Pasaka. Mwalimu wa kwaya alipojua kwamba naandika, aliniomba niwe natunga maombi ya waamini ya jumuiya yetu. Ndiyo kazi yangu sasa. Mwaka huu, Jumapili iliyokuwa karibu na 24 Machi, siku ya TB duniani, niliandika ombi lililotaja TB kwa jina lake, si "magonjwa mbalimbali" kama tulivyozoea. Waliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Baada ya misa, mzee mmoja alinisubiri kando ya geti mpaka watu wakapungua. Aliuliza kama kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ni lazima kiwe hiyo. Nikamwambia si lazima, ila makohozi hupimwa bure katika hospitali za serikali, na dawa pia ni bure. Tulikubaliana tukutane stendi ya matatu Jumatatu asubuhi. Nilimwambia aje na daftari.