Jizuie, si "jizuia"

Rafiki yangu kaandika "alijizuia kutocheka." Kakosea?

Kakosea. Aliyejizuia kutocheka amezuia kule kutocheka, kwa hiyo kacheka! Kinachozuiwa ni kicheko: "alijizuia kucheka." Au "alijizuia asicheke", yaani kajizuia ili asicheke. Mimi naipenda hii ya pili. Unamwona mtu kabisa, kabana midomo, mabega yanamtetemeka.

Mtoto anataka kulia. Nimwambie "jizuia" au "jizuie"?

Jizuie. Tunasema "zuia mlango", lakini "mzuie mbwa." Ikiingia -m-, irabu ya mwisho hugeuka, na -ji- hukaa palepale pa -m-. Wakiwa wengi, jizuieni. Usishangae "jitahidi" kubaki hivyo. Vitenzi vya asili ya Kiarabu kama hicho havigeuki mwisho.

Kujizuia na kujinyima si kitu kimoja?

Hata kidogo. Kujizuia ni kwa jambo linalokuvuta sasa hivi: machozi, ngumi, neno lililofika ulimini. Msibani utamwona mtu kauma pindo la kanga ili kwikwi isitoke. Huyo kajizuia, hajajinyima chochote. Sasa mtazame mama anapopakua. Vipande vya nyama vyote vimekwenda kwenye sahani za watoto, wali wake kaumwagia mchuzi mtupu, na akiulizwa anasema ameshiba. Huyo kajinyima: kilikuwa haki yake, akakiacha. Kujihini ni karibu na hilo, nami nalisikia zaidi kwa wazee wa pwani. Likija suala la pesa, watu husema kujibana. Fulani kajibana miaka miwili, leo anaezeka. Ukiandika "kajizuia miaka miwili akanunua mabati", msomaji ataanza kujiuliza alikuwa akijizuia na nini.

Kwa nini kwenye mawaidha ya Ramadhani husemwa "kujizuia na kula"?

Hiyo "na" ni ya kujitenga, ileile ya "achana na" na "jiepushe na". Funga ni kujizuia na kula na kunywa tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Hata imsaki, ule wakati wa kuacha kula kabla ya alfajiri, kwa Kiarabu maana yake ni kujizuia. Nje ya dini si kosa, ila husikika kama mawaidha.

Na mkojo safarini, unajizuia?

Unaubana. Mwambie konda umejizuia tangu Chalinze, atakuelewa, ila yeye hatajizuia asicheke.