Barua kwa mwanangu Zuhura, kuhusu tiketi nne na dakika 90

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema kwamba mtakapokuwa Orlando, Florida, mwezi Desemba, hoteli imewaahidi tiketi nne za kuingia bustani za burudani za Disney kwa bei ya chini sana, mradi wewe na Rashidi mkae dakika 90 kusikiliza maelezo ya nyumba za likizo ambazo mtu hununua zamu tu ya kuzitumia, kama wiki moja kila mwaka, ile biashara ambayo huku Marekani sote tunaiita taimshea. Na unaniuliza kama ni haki kupokea tiketi hizo ilhali mmekwisha kukubaliana kwamba hamtanunua kitu. Ni swali la mtoto aliyelelewa vizuri, nami nitalifikia, ila linalonisumbua mimi silo hilo. Kupokea ni rahisi. Mimi nataka kujua mtatokaje.

Wewe unaikumbuka safari ya Julai 2006 kwa sababu ya bwawa la kuogelea na ile kofia yenye masikio ya panya wa Disney uliyokataa kuivua mpaka tukarudi Atlanta. Mimi naikumbuka kwa sababu ya meza ya duara. Kando ya barabara ya 192 pale Kissimmee, jirani na Orlando, palikuwa na kibanda kilichotangaza tiketi kwa nusu bei. Baba yako akasimamisha gari, akalipa amana ya dola 40, akaambiwa kwamba ni lazima mume na mke waje pamoja. Sharti hilo tuliliona kama heshima. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba wanawataka wote wawili ili asipatikane wa kusema, "Ngoja nikazungumze na mwenzangu."

Tuliingia saa tatu asubuhi. Ninyi watoto mlipelekwa na bibi yenu kwenye chumba cha michezo, na sisi tukapewa kahawa na bwana mmoja mpole sana, ambaye kwa saa nzima ya kwanza hakuuza chochote. Alituuliza tulikotoka, watoto wanapenda nini, mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini, na kila jibu aliliandika. Akatuzungusha kwenye fleti ya maonyesho yenye jiko kubwa kuliko sebule yetu. Tuliporudi mezani akachukua karatasi, akaandika gharama zetu za hoteli kwa mwaka, dola 1,200, akazizidisha kwa miaka 20, akaizungushia duara ile 24,000 na kusema kwamba hizo ni fedha tunazozitupa. Kisha akaandika bei ya wiki moja ya kila mwaka, dola 22,000, akaikata, akaandika 16,000, bei ya siku hiyo peke yake. Karatasi akaigeuza ituelekee, na kalamu akailaza juu yake, ncha ikimwelekea baba yako.

Baba yako alisema, "Tutafikiria." Mimi nikasema, "Inshallah, tutaona." Wewe umekulia huku, lakini umekwenda Tanga mara za kutosha kujua kwamba maneno hayo kwetu ndiyo kukataa kwenyewe, na kwamba mwenye kuambiwa huelewa, akakusanya bidhaa zake, na mkaagana bila mtu kuvunjiwa uso. Yule bwana alisikia kwamba bado tuna swali, na kwa kila swali alikuwa na jibu. Tuliposema fedha hatuna, akaleta mkopo. Tuliposema likizo zetu hazina tarehe maalumu, akasema wiki hubadilishwa. Tulipoomba tukalale kwanza, akaja msimamizi wake akasema kwamba kesho bei hiyo haitakuwapo. Meza ya jirani wakanunua, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ndiyo maana nimewaambieni tangu mkiwa wadogo, hata katika mambo ya shule na ya wachumba: hapana haihitaji sababu. Ukitoa sababu umempa mwenzako mpini, wewe ukabaki umeshika makali.

Ilipofika saa saba mkaletwa mezani, wewe na ile kofia yako. Yule bwana akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wako, akakuuliza, "Ungependa kurudi hapa kila mwaka?" Ulikuwa na miaka kumi. Ulisema ndiyo, kisha ukamtazama baba yako. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijalisamehe. Kumbana mtu mzima kwa hesabu ni biashara yao, nami naweza kuielewa, lakini kumfanya mtoto awe kamba ya kumvutia baba yake ni jambo jingine. Baba yako akaichukua kalamu.

Nami nilitia saini. Nataka ulijue hili kutoka kwangu. Nilijua kwamba hatuwezi, kwani mwezi uleule tulikuwa tumetuma ada ya chuo ya baba yako mdogo, lakini nilinyamaza kwa kuwa sikutaka kumpinga mume wangu mbele ya mgeni na mbele ya watoto wake. Kunyamaza huko nilikuita heshima. Kuna siku naona ilikuwa heshima kweli, kwa sababu yeye katika miaka yetu yote hajawahi kunivunjia mbele ya watu. Kuna siku nyingine naona kwamba nilimwacha peke yake wakati alipohitaji mtu wa kumshika mkono na kusema twende. Karibu miaka 20 imepita na bado sijaamua.

Tulitoka saa nane mchana na tiketi zetu, na jioni hakuna aliyekula vizuri. Usiku mlipolala wote nilijifungia chooni na mkataba, nikaketi ukingoni mwa beseni la kuogea, kwa sababu ndipo mahali pekee nilipoweza kuwasha taa. Nikapiga hesabu: dola 1,600 zilikuwa zimekwisha kukatwa kwenye kadi, na zile 14,400 zilizobaki zilikuwa kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka kumi, yaani karibu dola 250 kila mwezi, jumla kama dola 30,000. Juu yake kulikuwa na ada ya matunzo ya dola 480 kwa mwaka, ambayo inaweza kupanda na ambayo haikuandikiwa mwisho. Kisha, juu kidogo ya mahali nilipotia saini yangu mwenyewe, nikakuta kile ambacho hakuna aliyetusomea: kwamba kwa sheria ya Florida mnunuzi ana siku kumi za kalenda, tangu siku ya kusaini au ya kupokea hati ya mwisho, ipi iliyo ya baadaye, kuufuta mkataba bila adhabu, na kwamba jaribio lolote la kumfanya aiache haki hiyo ni batili. Nikamwamsha baba yako. Tuliandika barua kwa mkono palepale kwenye sinki, na asubuhi tukaipeleka posta kwa rejista, kwa sababu tarehe inayohesabiwa ni ya muhuri wa posta. Ninyi tuliwaambia tunakwenda kumnunulia bibi yenu stempu. Kabla ya Agosti kwisha ikarudi kadi ndogo ya kijani yenye saini ya aliyeipokea barua, na fedha zetu zikarudi zote.

Sasa swali lako. Nikisema si haki, najua utanijibu kwamba wao wenyewe wanafahamu kuwa wengi huondoka bila kununua, na kwamba dakika zenu ndizo malipo ya tiketi; na sina la kukupinga. Nikisema ni haki, najiuliza ni nani hasa anayezilipia tiketi hizo, na jibu ni familia ya meza ya jirani, iliyoona haya kusimama. Ninalo neno langu, na baba yako analijua, lakini nikiliandika mtakwenda mkinificha, nami napenda mniambie.

Mkienda, watoto wabaki na mama yake Rashidi, wala wasipelekwe kwenye chumba chao cha michezo. Kubalianeni tangu hotelini nani atasimama kwanza dakika 90 zikitimia, na mwingine asimame bila kumwangalia. Mlangoni atakuwapo mtu mwingine mwenye kifurushi cha bei ndogo cha kujaribia; naye aambiwe hapana, bila sababu.

Nakala ya barua yetu iko pamoja na kadi ya kijani katika bahasha ya vyeti vyenu vya kuzaliwa. Baba yako amekwisha kuitoa na kuiweka mezani, anataka niipige picha barua hiyo nikutumie usiku huuhuu, naye Rashidi aihifadhi kwenye simu yake pia. Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa baba yako, wa pili ni wangu, na pale wino ulipopauka ni maji ya lile sinki.

Mama yako