Siku ya kura, depite iko wapi?

SWALI: Jambo redaksyo. Depite wetu, kila kura ya maana yeye haiko, tukimuuliza anasema "nilikuwa mu misyo". Ni kweli? (Mama muuzaji wa makala, komini ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Mama, saa ingine ni kweli. Kutoka huku mpaka Kinshasa ni ndege, inachelewaka, halafu kuko magonjwa na matanga. Lakini ingine ni hesabu tu: akipiga ndiyo, watu wa kwao banakasirika, akipiga hapana chama kinamukasirikia, basi anatoka inje telefone ku sikio mpaka kura inapita, kisha anarudia na kitambaa anapanguza jasho sawa mutu alikimbia! Tena badepite ni 500, bakipunguka chini ya 251 kikao hakisimame, njo maana wengine banakosa makusudi.

Katiba, kifungu cha 110, inasema depite akikosa zaidi ya robo ya vikao vya sesyo moja bila ruhusa na bila sababu, anapoteza kiti. Ile "bila sababu" njo mulango, karatasi ya munganga inatosha. Wako akirudia, usimuulize alikuwa wapi, muulize ile misyo nani alimutuma.