Kabla ya kulipia uzamili wa afya: ithibati kwanza, ndipo ada

Dirisha la udahili likifunguliwa, maswali ya wahitimu wa Moshi na Arusha huwa yale yale. MPH (uzamili wa afya ya jamii) ya wapi ni nafuu? MMed (uzamili wa udaktari bingwa) nisome KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar es Salaam? Hii ya mtandaoni kutoka nje inafaa? Karibu wote huanza na ada. Tunawaomba wadogo zetu mgeuze mpangilio. Kwanza jiulize ni nani atakayekisoma cheti chako siku ukikipata, kisha kama atakitambua. Ada ije baada ya hapo, na ikija, usiiangalie ya mwaka mmoja peke yake.

Wasomaji wa cheti ni wengi kuliko unavyodhani. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huangalia chuo na programu. Baraza la taaluma yako huangalia kama shahada hiyo inakupa hadhi mpya: madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga wana baraza lao, wafamasia wana Baraza la Famasi, watu wa maabara nao wana la kwao. Mwajiri huangalia muundo wa utumishi wa kada yako. Kila mmoja ana haki ya kukataa hata kama wenzake wamekubali, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama wakiwa tayari wametumia akiba yao yote.

Tuanze na TCU. Watu husikia kwamba chuo kimesajiliwa wakaridhika, lakini usajili wa chuo na idhini ya programu ni mambo mawili. Chuo kinaweza kuwa na hati idhini kamili na bado programu mpya ya uzamili ikawa inatangazwa kabla haijaidhinishwa, au ya zamani ikawa imemaliza muda wake wa ithibati na haijatathminiwa upya. Kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya TCU, tafuta chuo, kisha tafuta programu yenyewe. Linganisha jina neno kwa neno na lile lililo kwenye tangazo, maana MPH na MSc (uzamili wa sayansi) ya afya ya jamii si kitu kimoja hata kama masomo yanafanana. Angalia kuwa imewekwa ngazi ya 9, ambayo ndiyo ya uzamili katika mfumo wetu wa tuzo. Angalia pia kampasi. Kituo kilichofunguliwa Arusha na chuo chenye makao kwingine hakirithi idhini ya makao makuu. Lazima nacho kiwe kimeidhinishwa kufundisha programu hiyo.

Kama ukionyeshwa usajili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa ajili ya programu ya uzamili wa afya, hiyo si karatasi unayoitafuta, kwa sababu katika afya baraza hilo linashughulikia hasa astashahada na stashahada. Wala usidhani TCU hutishia tu. Mwaka 2017 ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo wa 2017/18, na baadhi ya programu za vyuo vingine zikasimamishwa. Aliye ndani ya chuo kinapokumbwa na zuio hupata misukosuko ya kuhamishwa, kurudia masomo au kusubiri, na kodi ya chumba haimsubiri.

Sasa baraza la taaluma. Kama lengo lako ni kuwa daktari bingwa wa wodini au wa chumba cha upasuaji, njia ya kawaida ni MMed, miaka 3 hadi 4 kutegemea fani na chuo. MPH haikufanyi bingwa wa kutibu. Inakupeleka kwenye miradi, uongozi wa afya wa wilaya na mkoa, na utafiti. MSc ya epidemiolojia na takwimu, ambayo chuo cha KCMC kimekuwa kikifundisha, inakufaa ukitaka kuchambua data. Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru ni ya sayansi na teknolojia. Ni mahali pazuri kwa anayetaka maabara na utafiti, lakini usiende pale ukitegemea kutoka na usajili wa ubingwa. Tunalisema hili wazi kwa sababu kila mara yupo anayechagua programu kwa ukaribu wa nyumbani, kisha baada ya miaka miwili anauliza baraza litamwandikisha kama nani.

Kwa wanaopenda upasuaji, ipo njia nyingine ambayo wengi wa huku hawaifikirii ingawa ofisi yake iko Arusha. COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa mwaka 1999 na hakina madarasa yake. Unafundishwa ukiwa kazini katika hospitali iliyokubaliwa na chuo hicho, unafanya mtihani wa uanachama baada ya miaka ya mwanzo, na ule wa juu wa ubingwa mafunzo yakifikia takriban miaka 5. Uzuri wake kifedha ni kwamba mara nyingi unabaki mwajiriwa. Uzito wake ni kwamba ada za programu na mitihani hulipwa kwa dola, na ni lazima hospitali iwe imekubaliwa kwa fani yako hasa. Hospitali iliyokubaliwa kwa upasuaji wa jumla haimaanishi imekubaliwa kwa mifupa au mkojo. Kama ndoto yako ni kufundisha chuo kikuu, uliza mapema chuo unachokitaka kinaipokeaje tuzo hiyo ikilinganishwa na MMed.

Aliyeko serikalini ana mlango mmoja zaidi. Kabla ya kuomba chuo, nenda kwa ofisa utumishi wa halmashauri au hospitali yako, iwe Mawenzi, Mount Meru au kituo cha afya, umwombe akuonyeshe muundo wa utumishi wa kada yako na uzamili unaotajwa humo. Muuguzi anayesoma shahada isiyotajwa kwenye muundo anaweza kurudi na cheti halali kabisa na mshahara ukabaki ulipokuwa. Hakikisha pia jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na umepata ruhusa kwa maandishi. Kukubaliwa kwa mdomo na mganga mfawidhi hakumfungi anayekuja kukaa kwenye kiti chake.

Baada ya hapo ndipo fedha. Kosa kubwa ni kulinganisha ada ya mwaka. Linganisha gharama mpaka siku ya kuhitimu. Chukua mfano wa namba za kubuni. Programu ya Moshi ina ada ya 3,500,000 kwa mwaka kwa miaka 2, ile ya Dar es Salaam ina 5,500,000 kwa mwaka mmoja. Machoni ya Moshi ni nafuu. Weka maisha: chumba, chakula na nauli 350,000 kwa mwezi Moshi ni 8,400,000 kwa miezi 24, na 500,000 kwa mwezi Dar ni 6,000,000 kwa miezi 12. Ongeza 1,500,000 ya utafiti pande zote. Moshi inafika 16,900,000, Dar 13,000,000. Lakini kama kwenu ni Rau au Longuo na utakuwa unatumia 100,000 tu kwa mwezi ya nauli na chakula cha mchana, Moshi inashuka hadi 10,900,000 na hesabu inageuka tena. Fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe, kisha ongeza mshahara utakaoukosa ikiwa likizo ya masomo haina malipo. Mara nyingi huo ndio mzigo mkubwa kuliko ada.

Kama bado unakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa mkopo wa shahada ya kwanza, panga bajeti kwa fedha inayobaki mkononi, usitumie mshahara wa kwenye barua. Kama una bima ya NHIF kupitia mwajiri, peleka nakala ya kadi siku ya usajili ili usitozwe bima ya mwanafunzi. Na usidhani kuwa ukiishi Arusha unaweza kusoma MMed Moshi kwa kwenda na kurudi. Ni kama kilomita 80 kila upande, na kuna ripoti ya asubuhi, raundi na zamu za usiku.

Tasnifu ndiyo inayokula fedha ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya ada. Kuna ada ya kamati ya maadili, vibali vya mkoa na halmashauri, nauli za kukusanya data, wasaidizi, uchapaji na ujalidi. Vyuo vingi hudai pia mswada wa makala, au makala iliyokubaliwa na jarida, kabla ya kukuruhusu kuhitimu. Wanaochelewa kwa kawaida hawashindwi darasani. Wanachelewa kwa sababu pendekezo la utafiti lilirudishwa na kamati, kibali cha wilaya kikakaa wiki kadhaa, msimamizi akasafiri. Kila muhula wa ziada, kwa mfano wetu wa juu, ni 2,100,000 ya kuishi tu, bila ada ya kuongezewa muda. Ukiweza, chagua mada ambayo data yake iko kwenye majalada ya hospitali unayosomea, anza pendekezo muhula wa kwanza, na jifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu ambayo ni ya bure, badala ya kumlipa mtu akuchambulie. Mchambuzi hatakuwepo siku unapotetea tasnifu. Kuhusu gharama za uchapishaji, wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila huombwa wakati wa kuwasilisha makala. Ukisubiri mpaka ikubaliwe, mara nyingi umechelewa.

Madaktari wanaolenga ubingwa wafuatilie ufadhili wa Wizara ya Afya unaobeba jina la Rais Samia. Soma masharti ya kurudi kazini kabla ya kusaini, hasa utapangiwa wapi na kwa muda gani.

Shahada ya nje, ya darasani au ya mtandaoni, haiko nje ya utaratibu huu. MPH ya Marekani itafute kwenye orodha ya CEPH, baraza linaloithibitisha elimu ya afya ya jamii kule. Ithibati ya jumla ya chuo peke yake haijibu swali la programu. Kwa nchi nyingine, anza na chombo cha serikali yao kinachotambua vyuo. Kisha waandikie TCU kabla ya kulipa, ukitaja chuo, programu na namna ya kusoma, uwaulize kama tuzo hiyo itatambuliwa. Ukishahitimu utahitaji kuomba utambuzi huo rasmi, kwa hiyo tunza barua ya udahili, matokeo ya kila muhula na stakabadhi zote tangu siku ya kwanza.

Ukifika hatua ya kulipa, lipa kwa namba ya kumbukumbu iliyotolewa na mfumo wa chuo. Usitume fedha kwenye simu ya mtu, hata akijitambulisha kuwa ni wakala wa udahili. Uliza kwa maandishi mambo matatu: ada ikipanda katikati ya masomo, waliokwisha kuanza wanalipa ipi, ukiahirisha mwaka, fedha uliyolipa inahamishwa au inapotea, na ni sehemu gani ya ada lazima iwe imelipwa ndipo uruhusiwe kuingia chumba cha mtihani. Ofisi ya udahili ikishindwa kukujibu kwa barua pepe ndani ya wiki mbili, omba na chuo kingine wakati ungali na muda wa dirisha.