Nilirudi darasani na miaka 43 kusoma uhasibu, nikajua duka langu lilikuwa linadaiwa na nani

Mleta uzi umesema una miaka 41, unataka kuanza kozi ya jioni ya uhasibu, shemeji yako anakwambia ubongo wa mtu mzima umeshakomaa haushiki kitu kipya, na wewe mwenyewe unajiuliza hata ukielewa kwa umri huo kutakubadilisha nini. Wadau wengi humu wamekujibu habari za cheti na ajira, sawa, ila mimi nimepita humo humo nataka nikujibu hilo swali la mwisho maana ndo zito. Nauza nafaka Tandale, mchele na maharage zaidi, mwaka wa 16 sasa, na nilianza kusoma nikiwa na 43 wakati fomu foo hesabu nilipata F.

La ubongo tulimalize haraka. London dereva wa teksi hapewi leseni mpaka akariri mitaa kama 25,000, watu wanasota nayo miaka mitatu mpaka minne. Watafiti wa University College London, Katherine Woollett na Eleanor Maguire, waliwachukua watu 79 waliokuwa wanaanza kujifunza, wakawapiga picha za ubongo, wakawasubiri, wakawapiga tena, na 2011 wakatoa majibu: waliofaulu, watu 39, sehemu moja ya ubongo inayotunza ramani ilikuwa imeongezeka kabisa, na kwa waliofeli haikuongezeka. Hao ni watu wazima wenye familia zao. Na hapa kwetu Mwalimu Nyerere alishasema tangu 1964 wakati wa mpango wa miaka mitano kwamba tuanze na watu wazima, kwasababu watoto mchango wao tutausubiri miaka mingi, na 1970 ukatangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Bibi yangu mzaa mama alijua kusoma kwenye kisomo akiwa ana wajukuu. Kabla ya hapo barua za mume wake alikuwa anasomewa na jirani, mpaka zile za siri.

Sasa twende kwenye lenyewe.

Chuo kilikuwa mjini, kipindi saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa mbili usiku, kwaiyo nafunga duka saa kumi nakimbilia mwendokasi pale Manzese nasimama mpaka Posta na vumbi la mchele bado liko kwenye nywele. Wiki ya tatu mwalimu, kijana ambaye kwa umri ni mwanangu, akachora mstari juu ya ubao na mwingine unashuka katikati. Kushoto akaandika mali za duka: mchele, mzani, hela ya kwenye droo, na wale waliochukua mali kauli. Kulia akaandika madeni, mkopo, na tajiri wa Kyela aliyeleta magunia hajalipwa. Mpaka hapo niko nae. Afu chini ya madeni, upande ule ule wa kulia, akaandika MTAJI.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu, mtaji si wangu, iweje ukae na madeni? Akasema ni wako mama, ndo maana duka linadaiwa. Nikamuuliza linadaiwa na nani. Akasema na wewe.

Nilirudi nyumbani na hasira ya kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa najua duka ndo mimi. Hela ya droo ni yangu, duka likiuza nimeuza, duka likifa nimekufa. Huyu kijana ananiambia duka ni mtu wa pembeni tuliyekubaliana nae, nikampa hela yangu kama nilivyompa mkopo, na yeye ananidai hapana, mimi ndo namdai! Ona hata sasa hivi nikiandika ulimi unateleza, ndo ujue lilivyo gumu.

Karibu miezi miwili nilikaa hapo. Mazoezi nilikuwa napata kwasababu nilikariri, kinachoingia debiti (kushoto), kinachotoka krediti (kulia), najaza namba, kushoto na kulia zinalingana, mwalimu anaweka vema. Ila ukinibadilishia swali kidogo tu naanguka, na ndani najua kabisa kwamba sijui. Kuna wasomi wawili, Jan Meyer na Ray Land, 2003 waliandika kuhusu mawazo ya aina hii, wakayafananisha na kizingiti cha mlango, kwamba kila somo lina machache ambayo usipoyavuka hulioni somo lenyewe, ni magumu na yanapingana na ulivyozoea, ila ukishavuka unaona kila kitu tofauti na kurudi nyuma huwezi. Na wanasema mtu akiwa amekwama pale kizingitini huwa anaigiza kuelewa. Niliposoma hayo baadae nilifarijika sana mana nilidhani ni mimi tu. Kwaiyo ukifika hapo usikimbie, na usimdanganye mwalimu kwamba umeelewa, mwambie namba zangu zinalingana lakini sielewi kwanini.

Kitu kingine kilichonishikilia ni kujua kwamba hii elimu haikuzaliwa darasani. Mtawa wa Kiitaliano anaitwa Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494, lakini hakuibuni yeye, aliandika tu jinsi wafanyabiashara wa kule walivyokuwa wanatunza madaftari yao tayari. Watu wa sokoni. Watu wenye magunia kama mimi. Nikasema hii basi ni ya kwetu, lazima niipate.

Niliipata siku ya kawaida kabisa. Jioni nafunga, nikavuta droo kama kila siku nikachukua elfu kumi na tano, ya mboga, ya luku, ya nauli ya watoto. Mkono ukiwa bado uko ndani nikajikuta nasema kimoyomoyo, mali ya duka imepungua, sasa upande wa pili nini kimepungua? Deni la mkopo halijapungua. La tajiri wa Kyela halijapungua. Kilichopungua ni deni la duka kwangu mimi. Duka limenilipa. Kila jioni kwa miaka hiyo yote lilikuwa linanirudishia hela yangu kidogo kidogo na mimi naita matumizi. Nilikaa juu ya gunia nikapiga hesabu nyuma ya risiti: elfu 15 mara siku 26 ni 390,000 kwa mwezi, mara 12 ni 4,680,000 kwa mwaka. Na mwaka ule duka halikuingiza faida ya kufika hapo, hata milioni tatu halikufika. Maana yake hiyo nyingine yote nilikuwa namega mtaji. Neno "kula mtaji" nimelisikia tangu mtoto, kila mtu sokoni analisema, ila siku ile ndo nililiona kwa macho mkono ukiwa kwenye droo.

Na lazima niseme hili hata kama baadhi yenu hamtalipenda. Mle kwenye droo kulikuwa na ndimu na chumvi ya mawe kwenye kitambaa cheusi. Niliviweka mwenyewe, kwa ajili ya chuma ulete, ule uchawi unaosemwa unavuta hela ya duka la mtu, mana hela ilikuwa haikai, nauza vizuri ila jioni haionekani, na sikuwa na maelezo mengine. Sasa nilikuwa nayo. Vile vitu nilivitoa siku ileile.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kujipanga yenyewe, nikaona vitu vilivyokuwa mbele yangu siku zote. Nanunua magunia kumi kwa 2,200,000, nauza yote 2,400,000, faida laki mbili, ila nusu nimewapa mama ntilie mali kauli, kwaiyo droo ina 1,200,000 na tajiri anataka 2,200,000 yake kesho. Zamani ningesema biashara imekuwa ngumu. Sasa najua faida ipo ila hela iko kwenye masufuria ya watu, na hiyo ina dawa yake tofauti kabisa. Nikajiwekea mshahara, elfu nane kwa siku, siongezi. Nikaacha kulala na presha duka likipata hasara, mana hasara ni ya duka, tunakaa tunaiangalia, mimi bado mzima. Hili la mwisho sikulitarajia na ndo kubwa kuliko yote. Nilikuwa mtu wa kulia Januari nzima kila mwaka.

Lakini sitakuficha, kuna gharama. Mdogo wangu alizoea kupita kuchukua kilo mbili tatu, si duka la kwetu. Nikamwambia chukua ila naandika. Akanuna, miezi minne hakuja, akasema shule imenifanya nimekuwa mtu wa roho mbaya. Huwezi kumweleza mtu kitu ambacho wewe mwenyewe kimekutoa jasho miezi miwili. Kuna upweke fulani hapo katikati, wa kule ulikotoka hamuelewani na kule unakokwenda hujafika. Jiandae nao.

Na kuna kingine ambacho sikujiandaa nacho kabisa. Marehemu baba alikuwa na duka la rejareja hapo hapo Manzese, likafa 1999. Sisi wote tulikua tukijua lilikufa kwa chuma ulete ya mama mmoja jirani, aliyekuwa anakaanga maandazi na kila asubuhi anakuja na noti ya elfu tano kuomba chenji. Baba hakumsalimia mpaka anaingia kaburini. Sisi watoto pia. Kauntabuku za baba zilikuwa kwenye sanduku kwa mama, nikazichukua likizo ya Desemba nikasema nijipime, nifanye hesabu ya duka zima. Ilinichukua siku tisa. Baba alikuwa mwaminifu sana, ameandika kila kitu, ila mistari miwili ya kukutanisha ndo hakuijua. Hakuna hela iliyopotea. Yote imeandikwa. Ada, na jina langu. Ada, na jina la kaka. Dawa ya mama. Msiba wa shangazi, mchele kilo 40, sukari kilo 10, vimetoka dukani. Alimaliza mtaji kwa kutulea sisi, na hakujua, akamchukia mtu miaka yote hiyo.

Nilikaa na lile jambo wiki mbili. Afu nikabeba kilo tano za mchele nikaenda kwa yule mama. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Nikamwambia shikamoo mama, nimekuja kukuomba radhi kwa niaba ya baba na kwa niaba yetu, nikamweleza kila kitu mpaka la kwenye droo. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza kama hizo kauntabuku ninazo. Nilikuwa nayo moja kwenye mkoba. Akasema nisomee, nikafungua nikaanza kusoma popote palipofunguka, mstari kwa mstari, nilipofika kwenye msiba wa shangazi akaniwekea mkono juu ya ukurasa.

"Huo mchele kilo arobaini," akasema, "niliuchambua mimi."