Bagi langu (gari la fremu ya bomba) la kupanda mawe lilikaa juu ya stendi miezi 14, hivi ndivyo lilivyoshuka

Mkuu, nimekusoma. Fremu ya bomba umemaliza isipokuwa sehemu ya juu, injini na giaboksi ya Suzuki Samurai vimekaa, ekseli mbili za Hilux ziko chini, na gari lina mwaka wa pili liko juu ya stendi nyuma ya nyumba. Umebaki na laki nane, unauliza uanze na winchi au tairi za inchi 37. Usinunue hata kimoja.

Hapo ulipo nimepita. La kwangu lilikaa juu ya stendi miezi 14 huku Tegeta, kuku wa jirani wakahamia kwenye kiti cha dereva na kutagia humo, na kila mtu aliyeniuliza nilimjibu "nimebakiza kidogo tu". Hicho kidogo ndicho kilichonila. Injini unabishania bei siku moja, unalipa, kirikuu inakuletea nyumbani, yamekwisha. Lakini hosi za breki, klipu, fyuzi, nyaya, oili ya giaboksi, oili ya difu, boliti... Kuna siku nilipanda bodaboda hadi Ilala kufuata washa mbili za shaba, nauli ikaizidi bei ya washa mara nyingi. Nilipofungua daftari mwishoni, vidude vya namna hiyo vilikuwa vimekula hela kuliko injini na giaboksi kwa pamoja. Kwa hiyo hiyo laki nane ni ya vidude. Shabaha yako moja: gari litembee kwa nguvu zake, ligeuke, lisimame. Rangi, taa na winchi vitakuja baadaye.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonitia hasara. Kabla hujakaza hosi yoyote wala kukata propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), toa springi zote, acha shokapu zikiwa zimefungwa, kisha chukua jeki mbili uinyonge ekseli ya mbele: gurudumu la kushoto juu kabisa mpaka liguse stopa, la kulia lining'inie. Halafu geuza. Usukani nao uzungushe hadi mwisho pande zote katika kila pozi. Fanya hivyo hivyo nyuma. Mimi nilifunga hosi za breki gari likiwa limesimama sawa sakafuni, zikapendeza, zimenyooka kama kamba ya nguo. Siku ya kwanza kwenye mawe gurudumu la kulia lilidondokea shimoni, ekseli ikajipinda, hosi ikavutika kama mpira wa manati na kung'oka kwenye kichwa chake. Pedali ilikwenda chini hadi kwenye bati. Niliokolewa na gia ya kwanza na jiwe lililokuwa nyuma yangu. Ukiinyonga ekseli kwenye banda utaona yote mapema: wapi propela inagusa bomba la fremu, wapi krosi (kiungo cha propela) inakaba, wapi tairodi (fimbo ya usukani) inagonga sampu (bakuli la oili chini ya injini). Mchana mmoja tu, na jeki unaweza kuazima.

Kuhusu bomba. Umeandika kwamba sehemu ya juu, ile ya kulinda kichwa, umebakiza na fundi kakushauri mumalizie kwa bomba la maji la mabati kwa kuwa ni rahisi. Usikubali. Kwanza halikutengenezwa kubeba gari linalopinduka, ukilikunja mshono unaweza kupasuka. Pili, ule moshi mweupe. Mimi nilichomelea vipande vya mabati mchana mzima ndani ya banda lisilo na hewa, usiku nikatetemeka, homa, viungo vinauma, nikajua malaria. Kupima, hakuna. Ni moshi wa zinki. Ulinitoka kesho yake, lakini usiku ule sitamani kuurudia. Na maziwa wanayokunywa mafundi wetu hayazuii kitu, kinga ni hewa na barakoa ya maana. Nenda Gerezani utafute bomba jeusi lisilo na mshono, milimita 44 kwa 3 au karibu na hapo. Vijiti vya kuchomelea vya 6013 ni vizuri kwa mageti. Kwa bomba hili na mabano ya mkanda wa kiti tumia 7018, na pakiti ifungwe vizuri maana kwa unyevu wa pwani vinanyonya maji na weldi inatoka na vitundu. Mikanda ifungwe kwenye bomba lenyewe, siyo kwenye bati la sakafu. Boliti za ekseli na za usukani ziwe na alama ya 8.8 au 10.9 kichwani. Isiyo na alama yoyote ni ya kitanda.

Tairi: fanya hesabu kwanza. Gia ya kwanza ya Samurai ni 3.65, ya chini ya transifa (giaboksi ndogo ya 4x4) 2.27, na difu la Hilux tuseme 4.1 (hesabu meno ya lako). Zidisha, unapata kama 34: injini inazunguka mara 34, gurudumu mara moja. Kwa tairi za inchi 33 na sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) ya mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni karibu kilomita 3.7 kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo. Bado ni haraka kidogo kwa mawe, ila unaishi nayo. Ukiweka 37 unaupoteza hata huo, na klachi utainunua kila mwezi.

Difu la nyuma chomelea meno ya ndani ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, ndiyo loki ya maskini. Meno yale yaoshwe oili yote, yapashwe moto kwanza, yapoe taratibu, vinginevyo weldi inapasuka. Cheche nazo zinaingia kwenye bearingi, kwa hiyo osha tena na uweke oili mpya. La mbele usilichomelee, la sivyo usukani utakuvunja mikono.

Kabureta iache kwa sasa. Ukipanda mlima mkali boya linachanganyikiwa na injini inazima, utalaani, lakini gari litakuwa linatembea. Ukipata hela tafuta injini ya Escudo yenye sindano za mafuta badala ya kabureta. Na pale Ilala mwambie muuzaji mapema kwamba unataka nyaya zote na kontroli boksi (kompyuta ya injini), umwongezee kidogo, usimame hapo hapo. Ukigeuka tu kununua maji kashazikata na koleo.

Mawe yetu ya Kunduchi na Boko ni matumbawe ya kale, makali kama wembe. Wenzetu wa nje wanashusha upepo wa tairi hadi psi 8, mimi siendi chini ya 12: tairi ikitepeta sana ubavu unatoka nje na jiwe linaupasua, na kwa rimu ya kawaida tairi inaweza hata kuchomoka. Barabarani silipitishi, halina namba. Nalibeba kwa Canter, na mwenye eneo namwomba ruhusa kwanza.

Jumamosi hii toa springi. Ukishainyonga ekseli ya nyuma, weka hapa picha ya propela ikiwa imening'inia, ipigwe kutoka ubavuni, tuone pembe ya krosi kabla hujaipeleka kukatwa.