Asubuhi Kagua, Jioni Lisha: Kwa Anayeanza Kufuga Sungura Tabora

Wengi wanaoanza kufuga sungura hapa kwetu huwalisha kama kuku: asubuhi wanamwaga chakula tele, mchana wanatupia kingine wakikumbuka, jioni wanafunga mlango. Sungura hayuko hivyo. Ni mnyama wa magharibi na alfajiri. Jua likiwa juu hujilaza, hapendi kula sana, anangoja kupoe. Ukimjazia majani saa mbili asubuhi, kufika saa sita yamenyauka, yamekanyagwa na kukojolewa, na usiku, wakati ambao ndiyo anakula hasa, hana kitu mbele yake. Kwa hiyo neno la kwanza ninalompa kila anayekuja nyumbani kuchukua sungura wa mbegu ni hili: mlo mkubwa ni wa jioni. Asubuhi kazi yako ni kukagua.

Ingia bandani mikono mitupu kwanza. Ukiingia na fungu la majani utashughulika na kugawa, na utatoka bila kuona lolote. Sungura huwindwa na kila mnyama, ndiyo maana anajua sana kuficha ugonjwa. Siku utakayomkuta amejikunyata kwenye kona na macho yamefumba nusu, ujue ameanza kuumwa muda mrefu kabla hujamwona. Vitu ambavyo hawezi kuvificha ni viwili: chakula alichokiacha na kinyesi alichotoa.

Anza na chombo cha pumba. Kama jioni ulipima sawasawa, asubuhi kinatakiwa kiwe kitupu. Kikiwa na nusu, usimwongezee, mtazame huyo. Huenda amekosa maji, huenda meno ya mbele yamepinda na kurefuka (meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, ndiyo maana anahitaji vitu vya kutafuna), huenda tumbo limejaa gesi. Sungura aliyepitisha saa kumi na mbili bila kula chochote ni dharura, si wa kusema tutaona kesho.

Kisha inama utazame chini ya wavu wa sakafu ya kizimba. Kinyesi kizuri ni vidonge vya duara, vikavu, ukubwa wa njegere, na ukikivunja kimoja unaona nyuzi za majani ndani yake. Vikiwa vidogo na vigumu, maji au nyasi havikutosha. Vikiwa vimeunganishwa na nywele, anapukutisha manyoya, mzidishie nyasi kavu. Vikiwa teketeke na manyoya ya nyuma yamechafuka, ondoa majani mabichi na pumba siku hiyo hiyo, mwachie nyasi kavu na maji, halafu fuatilia kwa karibu.

Kuna kinyesi kingine ambacho wageni hukishangaa. Ni kishada cha vidonge laini, vyeusi, vinavyong'aa, na harufu yake ni kali. Sungura huinama akakila moja kwa moja kinapotoka, kwa kawaida usiku au alfajiri. Huo si ugonjwa wala njaa. Majani yanachachuliwa kwenye utumbo mpana, kisha anayapitisha mara ya pili ili apate vitamini na protini zilizotengenezwa humo. Cha kukutia wasiwasi ni pale unapokuta vishada hivyo vimelala kwenye wavu havijaliwa. Mara nyingi maana yake pumba ni nyingi mno, au amenenepa hadi hafikii nyuma yake. Na mkojo ukiuona mwekundu au mweupe wa maziwa, tulia. Rangi hizo hutokana na majani aliyokula na chokaa anayoitoa mwilini. Lakini mkojo wenye mabonge ya damu ni habari nyingine.

Baada ya hapo ndiyo maji. Sungura wa kilo tatu anaweza kunywa robo lita kwa siku, na jike mwenye watoto wakubwa anaweza kumaliza lita nzima na zaidi. Maji yakiisha anaacha kula, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote ya kukwamisha tumbo. Wapo watakaokuambia sungura hanywi maji, majani yanamtosha. Usiwasikilize, hasa Septemba na Oktoba. Chombo kiwe kizito, kibakuli cha udongo au kopo lililofungwa kwa waya kwenye wavu, kwa sababu chepesi atakipindua kabla hujageuka. Osha kila siku kwa kusugua, usiongezee tu maji mapya juu ya yale yenye utelezi.

Sasa majani. Robo tatu au zaidi ya anachokula sungura iwe nyasi na majani, si pumba. Wakati wa masika Tabora hakuna shida: ukoka, mchunga, kishona nguo, mabingobingo, na matembele yanayoota yenyewe pale maji ya bafuni yanapomwagikia. Kata jioni ya leo kwa ajili ya kesho, au asubuhi kwa ajili ya jioni, uyatandaze kivulini yanyauke kidogo. Usiyarundike. Majani mabichi yakirundikwa hupata moto katikati na kuanza kuchacha, na hayo ndiyo yanayojaza matumbo gesi.

Shida inakuja kiangazi. Kuanzia Juni nyasi zinakauka, moto unapita maporini, na ifikapo Agosti mfugaji mgeni anazunguka Ipuli nzima na gunia akitafuta kijani. Dawa yake ni ya Aprili na Mei: mvua zikiisha, kata ukoka kabla haujazaa mbegu, kausha siku mbili tatu, hifadhi juu ya uchanja. Wakati wa kuvuna karanga omba majani yake kwa majirani. Wengi huyaacha shambani au huyachoma, na ni chakula bora kwa sungura kuliko vingi vya kununua. Kagua tu ukungu. Ukiona vumbi la kijivu au harufu ya uvundo, tupa, hata kama ni gunia zima. Michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) mimi huwapa kipande kimoja kimoja, kwa kuwachokoza tu. Ni wanga mtupu, na watoto wa nyumbani wanaililia pia.

Usiwape majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya parachichi, ya mbarika, wala kisamvu kibichi. Kabichi ni kidogo na kwa nadra. Na kwa kuwa tuko kwenye mkoa wa tumbaku, ukiwa Urambo, Sikonge au Kaliua usikate nyasi kando ya shamba la tumbaku. Jani lenyewe lina sumu, na dawa zinazopulizwa huangukia nyasi za pembeni. Mchicha wa kununua muulize muuzaji amepuliza lini. Akikwepa swali, hilo ndilo jibu. Msimu wa maembe nao una mitego yake: watoto watawatupia sungura maganda kwa upendo, na sukari ile huharisha. Weka sheria mapema.

Pumba ni nyongeza. Mimi nachanganya pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na chumvi kidogo, kisha naloanisha kidogo tu ili vumbi lisiingie puani. Nalowesha kinachotosha mlo mmoja, maana kikilala kinachacha. Sungura mkubwa asiye na mimba wala watoto anatosheka na gramu 100 hadi 150 kwa siku. Peleka kikombe chako dukani ukapime kwenye mizani, ujue kinabeba gramu ngapi, basi hutahitaji mizani tena. Anayenyonyesha mpe mara mbili na zaidi. Jike unayemjaza pumba ukidhani unamtunza atapata mafuta, na jike mnene ama hashiki mimba ama anazaa kwa taabu. Ukibadilisha chakula, cha kiwandani au cha kuchanganya mwenyewe, badilisha kidogo kidogo kwa wiki moja au siku kumi. Vijidudu vya tumboni mwake vimezoea kitu kimoja, ukivishtua, sungura anaharisha.

Usafi nitausema kwa kifupi, ila ushike sababu yake. Ugonjwa unaoua watoto wengi ni koksidia, na vimelea vyake hutoka na kinyesi vikiwa bado havina uwezo wa kuambukiza. Vinahitaji unyevu na muda, kwa kawaida siku mbili au zaidi, ndipo vikomae. Ukifagia na kukwangua wavu kila siku, unavitupa kabla havijakomaa. Ukifagia Jumamosi kwa Jumamosi, umevilea. Kukavu ni muhimu kuliko dawa ya kuoshea. Ukiosha kwa maji, fanya asubuhi, toa kizimba juani kikauke kabisa kabla sungura hajarudi. Kinyesi na mkojo peleka kwenye mboga, bustani itakushukuru.

Jike mwenye mimba anakaa nayo siku 31 hivi. Andika tarehe ya kupandisha kwa chaki mlangoni pa kizimba, usitegemee kichwa. Na kila mara jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Ukipeleka dume kwake atapigwa, maana jike hulinda makazi yake. Siku ya 28 muwekee sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu laini. Atajinyonyoa manyoya ya kifuani na tumboni atandike mwenyewe.

Asubuhi baada ya kuzaa ndipo wageni wanapoharibu, ama kwa kuogopa kugusa ama kwa kugusa kila saa. Fanya hivi. Mpe mama majani anayoyapenda ili ashughulike. Nawa mikono kwa maji matupu, isiwe na harufu ya sabuni, kisha ipitishe kwenye manyoya ya mama. Fungua manyoya ya kiota polepole. Watoto hawana nywele, hawaoni, wamelaliana, na ukigusa unasikia joto. Hesabu. Toa aliyekufa na mabaki yoyote. Kisha mtazame mmoja mmoja tumboni: aliyenyonya tumbo limevimba na ngozi imenyooka, na maziwa yanaonekana kama kiraka cheupe chini ya ngozi nyembamba upande wa kushoto. Asiyenyonya ngozi ina makunyanzi na tumbo limeingia ndani. Funika, ondoka. Rudia kesho, si baada ya saa moja.

Mama hutamwona akiwanyonyesha. Huingia mara moja kwa siku, pengine mara mbili, dakika chache tu, usiku au alfajiri, kisha anakaa mbali nao. Watu huniambia mama amewatelekeza; nawauliza, matumbo yakoje? Yakiwa yamejaa, mama anafanya kazi yake. Ukikuta mtoto nje ya sanduku amepoa, kumbuka sungura hambebi mtoto kwa mdomo kama paka. Mchukue wewe, mpashe joto viganjani au kifuani mpaka achezecheze, ndipo umrudishe kwa wenzake. Miguu ya kizimba isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, kwa sababu siafu wakipanda usiku mmoja mvua zinapoanza, hutakuta cha kuhesabu.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na 12. Wiki ya tatu wanatoka na kuonja majani. Wiki ya tano au ya sita waachishe kunyonya, na hapo umwondoe mama, watoto wabaki mahali walipozoea. Wiki mbili zinazofuata ndizo ngumu: maziwa yameisha, tumbo linajifunza nyasi, na koksidia wanangoja. Pumba ziwe kidogo, nyasi kavu ziwepo saa zote.

Kuhusu dawa nina ombi moja tu kubwa. Usimpe sungura kapsuli za amoksilini za binadamu, wala ampisilini kwa mdomo. Zinaua vijidudu vyema vya tumboni, na sungura aliyekuwa na mafua tu anakufa kwa kuharisha. Mwone afisa mifugo wa kata, umwambie wazi kuwa ni sungura, si mbuzi. Magamba ya kahawia ndani ya masikio ni utitiri. Usiyabandue, yanauma na kutoa damu. Hilo linatibika vizuri kwa sindano ya aivamektini, nayo hurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Na ukimshika, usimnyanyue kwa masikio. Shika ngozi ya shingoni, mkono wa pili ubebe makalio. Akirusha mateke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe.

Mwisho ni joto. Sungura hatoki jasho, anajipoza kwa masikio. Ikizidi nyuzi 30, na Oktoba yetu inazidi, utamwona amejinyoosha, anahema haraka, pua imelowa. Banda likae chini ya mwembe au liezekwe nyasi. Bati bila dari ni tanuri. Aliyezidiwa mpeleke kivulini, lowanisha masikio kwa kitambaa cha maji ya kawaida, usimmwagie maji baridi. Joto hilo pia hupunguza nguvu ya mbegu za dume, na humchukua wiki kadhaa kurudi sawa. Kwa hiyo ukipandisha Oktoba na majike yasishike, usikimbilie kuuza dume. Mweke mahali penye upepo, mpe maji na nyasi, na umpelekee jike tena Desemba, baada ya mvua kupoza hewa.